Uzi: Sheria za umeme safi Illinois, na nani anabeba mzigo bei ya soko inapogeuka

Mwanzisha uzi

Wadau, habari za jioni.

Wiki iliyopita mzee mmoja Mkongomani, jirani yangu katika jengo tunaloishi kaskazini mwa Chicago, alinigongea mlango akiwa ameshika bili yake ya umeme. Alitaka nimsomee mistari midogo ya nyuma ya karatasi, kwa sababu kijana aliyepita mlangoni akiuza mkataba wa kampuni nyingine alikuwa amemwambia kwamba bili imepanda kutokana na sheria ya nishati safi, na kwamba njia ya kuikwepa ni kutia saini kwake. Tulikaa mezani karibu saa nzima. Nilipomaliza niliona kwamba maelezo yale yanafaa kuwekwa hapa, kwa kuwa Waswahili wenzetu wa Chicago, Aurora, Moline na Rock Island wanaletewa hadithi hiyo hiyo na wengi hawana wa kuwasomea.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Katika sheria ya umeme watu hubishania asilimia: umeme safi kiasi gani, ifikapo mwaka gani. Mlipa bili anaguswa zaidi na kifungu kingine, kile kinachosema nani atalipa bei ya soko ikianguka na nani atarudishiwa ikipanda. Jimbo la Illinois limekiandika kifungu hicho mara mbili kwa ajili ya vinu vyake vya nyuklia, mara ya kwanza kikielekea upande mmoja tu, mara ya pili kikienda pande zote mbili, na tofauti yake ilionekana kwenye karatasi ya bili.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1997 Illinois ilipitisha sheria ya kufungua soko la umeme. Kampuni ya umeme ya ComEd upande wa kaskazini na makampuni ambayo leo ni Ameren Illinois upande wa kusini yalibaki na nguzo, nyaya na mita, huku uzalishaji ukiachiwa ushindani. Ili mwananchi asiumie katika kipindi cha mpito, bei zilizuiwa zisipande hadi Januari 2007. Kizuizi kilipoondoka bili ziliruka, na walioumia zaidi walikuwa watu wa eneo la Ameren wenye nyumba zinazopashwa joto kwa umeme. Bunge la jimbo lilijibu mwaka huo huo kwa kupata nafuu ya takriban dola bilioni 1 kutoka kwa makampuni, kuunda wakala wa jimbo wa kununua umeme kwa niaba ya wateja wa kawaida, na kuweka lengo la asilimia 25 ya nishati jadidifu ifikapo 2025. Kwa hiyo hapa Illinois lengo la nishati jadidifu na hasira ya bili vilizaliwa katika sheria moja.

Sasa tuje kwenye nyuklia, ambako ndiko kwenye moyo wa jambo hili. Illinois ina vituo 6 vya nyuklia vyenye vinu 11, na zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa jimboni hutoka humo bila kutoa hewa ukaa. Gesi asilia ilipokuwa rahisi, bei ya umeme kwenye soko la jumla ilishuka, na mwaka 2016 kampuni ya Exelon ilitangaza kwamba ingefunga vituo vya Clinton na Quad Cities. Desemba mwaka huo Gavana Bruce Rauner alitia saini sheria inayofahamika kwa kifupi FEJA. Sheria hiyo iliwapa wenye vituo hivyo viwili malipo yanayoweza kufika dola milioni 235 kwa mwaka kwa miaka 10, yakikusanywa kwenye bili zetu. Malipo yalianzia dola 16.50 kwa kila megawati-saa, na yangepungua bei ya soko ikipanda. Hata hivyo yalikuwa na sakafu: yakifika sifuri yanaishia hapo. Soko likiwa baya, mwananchi anatoa. Soko likiwa zuri sana, mwananchi anaacha kutoa, lakini harudishiwi chochote.

Miaka 5 baadaye hali ilijirudia. Exelon ilitangaza kufunga Byron na Dresden katika vuli ya 2021, na tarehe 13 Septemba, siku ambayo Byron ilipangiwa kuanza kufungwa kabisa, Seneti ya jimbo ilipitisha sheria ya nishati safi iitwayo kwa kifupi CEJA. Gavana JB Pritzker aliitia saini siku 2 baadaye. CEJA ndiyo sheria iliyotangazwa kwa malengo makubwa: asilimia 40 ya nishati jadidifu ifikapo 2030, asilimia 50 ifikapo 2040, mitambo binafsi ya makaa ya mawe kufungwa ifikapo 2030, na umeme wote kuwa safi ifikapo 2050. Ndani yake mlikuwa na msaada wa hadi dola milioni 694 katika miaka 5 kwa Byron, Dresden na Braidwood, na hapo ndipo waandishi wa sheria walipofanya kazi nzuri. Safari hii sakafu iliondolewa. Bei ya soko ikipita kiwango kilichowekwa, wenye vinu wanarudisha ziada kwa wateja wa ComEd.

Wapinzani walidhani kifungu hicho ni pambo. Kisha bei ya gesi ikapanda duniani, umeme wa soko ukapanda nayo, na kuanzia Juni 2022 wateja wa ComEd wakaona kwenye bili zao mstari unaopunguza deni. Kwa mwaka wa kwanza punguzo hilo lilikadiriwa kuzidi dola bilioni 1 kwa wateja wote. Sheria iliyoshutumiwa kwamba inakwenda kuwafadhili matajiri wa nyuklia iligeuka kuwa bima ya mtu wa kawaida katika mwaka mbaya. CEJA iliagiza pia vyeti vya nishati jadidifu vya mashamba makubwa ya upepo na jua vinunuliwe kwa mtindo unaofanana na huo, yaani bei iliyokubaliwa ikilinganishwa na bei ya soko na tofauti kulipwa na upande unaohusika.

Mbona basi bili zimepanda? Mzee wangu aliuliza hivyo hivyo. Kaskazini mwa Illinois imo ndani ya soko la PJM, linalohudumia majimbo 13 na jiji la Washington. Soko hilo huendesha mnada ambao wenye mitambo hulipwa kwa ahadi ya kuwa tayari siku ya joto kali au baridi kali, mbali na malipo ya umeme wanaouza, mfano wa dereva anayelipwa posho ya kusubiri hata kama hajaitwa safari. Kwa mwaka ulioishia Mei 2025 bei ya posho hiyo ilikuwa dola 28.92 kwa megawati kwa siku. Kwa mwaka uliofuata ikawa dola 269.92. Jumla ya gharama kwa soko zima ilitoka dola bilioni 2.2 hadi bilioni 14.7. ComEd ilieleza kwamba bili ya nyumba ya kawaida ingeongezeka kwa wastani wa dola 10.60 kwa mwezi kuanzia Juni 2025. Mnada uliofuata ulifika dola 329.17, na wa Desemba 2025 dola 333.44, na yote miwili iligonga dari iliyowekwa baada ya Gavana Josh Shapiro wa Pennsylvania kuwasilisha malalamiko. Bila dari hiyo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Mkaguzi huru wa PJM alikadiria kwamba zaidi ya dola bilioni 9 za ongezeko la mnada ule wa kwanza zilitokana na vituo vya data, yaani majengo makubwa ya kompyuta za mtandao, vilivyopo na vinavyotarajiwa. Hapa jimbo letu halina mikono safi, kwa kuwa mwaka 2019 lenyewe lilitoa msamaha wa kodi ili kuvivutia vituo hivyo.

Mzee hakutia saini ule mkataba. Karibuni tujadili.

Mkaazi wa Aurora

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini naona umeipendelea sheria. Mimi ni mpangaji, sina paa la kuwekea paneli, na kila mwezi kwenye bili yangu kuna mstari wa kugharimia nishati jadidifu. Jirani mwenye nyumba yake amefunga sola na mimi nimemchangia. Haki iko wapi?

Tena ndugu zangu wanaoishi Batavia, mwendo mfupi kutoka kwangu, hawalipi ComEd kabisa. Mji wao una shirika lake la umeme, na wao wanalalamikia mtambo wa makaa ya mawe ulioko mbali kusini. Hilo nalo lieleze.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hoja yako ya kwanza ni ya kweli na sitaizunguka. Mstari huo upo na unaongeza bili. CEJA iliongeza kikomo cha makusanyo yake kutoka asilimia 2.015 hadi asilimia 4.25, ikipimwa kwa bei ya umeme ya mwaka 2009, na kwa anayehesabu senti hicho ni kiasi cha kuhisi. Ninachokipenda ni kwamba kikomo kipo kwenye maandishi: programu ya sola ikitaka fedha zaidi ya hapo, lazima irudi bungeni kuomba. Posho ya kusubiri ya PJM haikuwa na dari yenye maana mpaka gavana mmoja alipokwenda kushitaki.

Kuhusu mpangaji, ipo programu ya jimbo iitwayo Illinois Solar for All, inayolenga kaya za kipato cha chini, ambayo humruhusu mtu kujiunga na shamba la sola la pamoja bila kulipa kianzio, kwa sharti kwamba anachotozwa kisizidi nusu ya thamani ya umeme anaoupata. Mpangaji anaruhusiwa. Upo pia mpango wa malipo kwa asilimia ya kipato, ambao kaya inayostahili hulipa takriban asilimia 6 ya kipato chake kwa nishati na serikali ikasaidia sehemu inayobaki, hadi kikomo chake. Nasikitika kwamba wengi wa watu wetu hawaijui mipango hii, ilhali fedha zake wanazichanga wenyewe kila mwezi.

Suala la Batavia linaniuma. Mtambo wanaoulalamikia ni Prairie State, karibu na Marissa, wenye megawati zipatazo 1,600, uliofunguliwa mwaka 2012 kwa gharama ya takriban dola bilioni 5. Wamiliki wake ni mashirika ya miji na vyama vya ushirika vya umeme, na miji kama Batavia na Geneva ilijifunga kwa mikataba ya miongo kadhaa na deni la hati fungani, ikiahidiwa umeme wa bei nafuu. Ulipofika mwaka 2021 mtambo huo ndio uliokuwa unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwingine wowote Illinois. Wapigania mazingira walitaka ufungwe mapema, na miji ikajibu kwamba deni litabaki hata moshi ukizimwa. CEJA ilikaribia kuvunjika juu ya mtambo huo mmoja. Hatimaye uliruhusiwa kuendelea hadi 2045 kwa sharti la kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 45 ifikapo 2035, na nafasi ya kusogezwa hadi 2038. Mimi ningependa tarehe iwe ya karibu zaidi. Hata hivyo siwezi kumwambia mkaazi wa Batavia alipie mtambo usiofanya kazi na wakati huo huo alipie umeme wa kununua kwingine, labda jimbo lishike sehemu ya deni, na hilo halikupata fedha.

Fundi Mita

Nafanya kazi za umeme kwa miaka mingi, naomba nichangie jambo moja. Umeeleza vituo vya data, sawa. Mitambo ya makaa ikifungwa kwa sheria, waliobaki kwenye mnada ni wachache, na wachache hupandisha bei. Huwezi kuondoa upande mmoja wa mizani ukadai sheria haikugusa uzito. Pia CEJA iliwaahidi watu kwamba itaongeza dola 3 au 4 hivi kwa mwezi, na leo mtu anaona bili yake imepanda zaidi ya hapo. Usishangae wakiona wamedanganywa.

Mwanzisha uzi

Fundi, umesema vizuri, na nakubali kwamba kufunga mitambo bila kujenga mingine kunapandisha bei. Naomba tu tutazame tarehe. Mitambo ya makaa ya Waukegan na Will County, iliyokuwa karibu nasi, ilitangazwa kufungwa Juni 2021, miezi 3 kabla ya CEJA kutiwa saini, baada ya mnada wa PJM wa mwaka ule kutoa bei ndogo. Soko lenyewe liliwafukuza. Miaka michache baadaye soko hilo hilo likatangaza upungufu, na miradi mipya ya jua, upepo na betri ikiwa imekaa kwenye foleni ya PJM kwa miaka ikingoja kibali cha kuunganishwa na gridi. Sheria ya jimbo ingeweza kuagiza ujenzi, lakini haina mamlaka juu ya foleni ile.

Na hili si tatizo la PJM peke yake. Kusini mwa Illinois, kwa wateja wa Ameren, soko ni la MISO, na mnada wao wa majira ya joto ulitoka dola 30 mwaka 2024 hadi dola 666.50 mwaka 2025.

Kuhusu kudanganywa, nadhani kosa lilikuwa kuwapa watu namba moja ya bili. Dola 3 au 4 zilikuwa makadirio ya gharama ya sheria, na watu wakazisikia kama ahadi juu ya bili nzima. Imani ilikuwa imekwisha kupungua kabla ya hapo. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya mita za kisasa na kanuni ya kupandisha bei karibu kwa kujiendesha yenyewe, likipindua kura ya turufu ya Gavana Pat Quinn. Julai 2020 ComEd ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 katika kesi ya mpango wa kumshawishi Spika Michael Madigan kwa kuwapa washirika wake ajira na mikataba, na Madigan mwenyewe alitiwa hatiani Februari 2025 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu. CEJA iliifuta ile kanuni ya bei, na Desemba 2023 Tume ya Biashara ya Illinois, mdhibiti wa jimbo, ilikataa mpango wa gridi wa ComEd kwa kutotimiza masharti ya sheria. ComEd ilirudi na mpango mwingine, ukapitishwa mwaka mmoja baadaye. Kwangu mimi kukataa kule kulikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi za tabianchi.

Mdau wa Dar

Habari za huko, wandugu. Huku Tanzania nikinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, naona makato ya asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati, mbali na VAT. Huo mstari wenu wa nishati jadidifu ni kitu cha namna hiyo?

Mwanzisha uzi

Unafanana katika ukusanyaji, ndugu yangu: kila anayetumia umeme anachangia kidogo kwa lengo la umma. Tofauti ni lengo. Tozo ya REA inakwenda kumfikishia umeme mwanakijiji ambaye hana. Huku karibu kila nyumba ina waya tayari, na tozo inabadilisha chanzo cha umeme ule ule, kwa hiyo anayelipa haoni tofauti akiwasha taa. Ndiyo maana manung'uniko ni mepesi kuanza.

Mama wa Moline

Kaka, asante sana. Sisi huku Moline hatuna ComEd wala Ameren, bili yetu inatoka MidAmerican. Je, hayo punguzo za nyuklia zinatuhusu? Kituo cha Quad Cities kiko Cordova, hapa hapa kandokando ya Mississippi. Na hao vijana wa mlangoni wamefika na huku kwa watu wetu, wanaomba kuona bili.

Mwanzisha uzi

Dada, punguzo la CEJA nililolieleza ni la wateja wa ComEd pekee, kwa sababu Byron, Dresden na Braidwood ziko kwenye eneo lao. Quad Cities iko chini ya sheria ya 2016, ile yenye sakafu.

Kuhusu wauzaji, waambie wazee wasioneshe bili kwa mtu wasiyemjua, kwa kuwa namba ya akaunti iliyo juu yake inaweza kutumika kuwahamisha. Sheria ya jimbo iliyoanza kazi Januari 2020 inawalazimisha wauzaji kuonesha bei ya kampuni ya kawaida ya eneo hilo ili mteja alinganishe, na inawazuia kugeuza mkataba wa bei maalumu kuwa wa bei inayopandapanda bila idhini yake. Kaya zinazopata msaada wa serikali wa nishati zimewekewa kinga ya ziada. Shirika la kutetea walaji liitwalo Citizens Utility Board, ambalo liliundwa na jimbo lenyewe mwaka 1983, husaidia kusoma bili bila malipo.

Swali lako linanipeleka kwenye jambo linaloninyima usingizi. Malipo ya sheria ya 2016 yanakwisha katikati ya 2027, na kifungu cha CEJA cha pande mbili kinakwisha Mei 2027. Juni 2025 kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilitangaza mkataba wa miaka 20 juu ya umeme wa kituo cha Clinton, kuanzia Juni 2027, mara tu msaada wa wananchi unapokoma. Clinton kilikuwa kifungwe mwaka 2017. Kimebaki hai kwa senti zilizokusanywa kwenye bili za mama mjane na mpangaji wa Aurora, na kwa kuwa kifungu chake kilikuwa na sakafu, watu hao hawana dai lolote juu ya neema inayokuja.

Januari 2026 Gavana Pritzker alitia saini sheria mpya, iliyoagiza megawati 3,000 za betri ifikapo 2030, ikampa mdhibiti kazi ya kupanga mahitaji ya umeme ya miaka ijayo, na ikaondoa kabisa marufuku ya mwaka 1987 ya kujenga vinu vikubwa vya nyuklia. Betri nazipenda, kwa kuwa zinaweza kushindana kwenye ule mnada wa posho ya kusubiri. Ninachotaka wawakilishi wetu waulizwe kabla ya Mei 2027 ni kama Byron, Dresden na Braidwood vitaachiwa soko bila kifungu cha kurudisha ziada, wakati ambapo bei imeshika dari na sheria ya shirikisho ya 2022 tayari inavikinga vinu hivyo dhidi ya bei kuanguka hadi 2032. Mwakilishi wangu nimekwisha kumwandikia. Nikipata jibu nitaliweka hapa.